Nyuzi Mpya za Heche wa Susuni

Heche alirudi Susuni mwaka 1954 kutoka mashamba ya chai ya Kericho. Alikuja na blanketi, taa ya kandili na gita. Blanketi alimpa mama yake, kandili akampa mkewe Bhoke, gita akalipatia kitanda. Ndivyo alivyosema Bhoke mwenyewe, wala hakuwa anazidisha: gita lililala upande wa ukutani, limefunikwa khanga, na yeye akalala ukingoni.

Kijiji kilifurahi. Sirari walikuwa na wapiga gita, Tarime mjini pia, lakini Susuni hawakuwahi kuwa na wa kwao. Siku ile ile watu wakajaa uani. Heche akalitoa gita, akagusa uzi mmoja, akainamisha sikio, kisha akasikitika kama mganga aliyekuta mgonjwa amechelewa kuletwa.

"Nyuzi zimechoka," alisema. "Ni ile safari ya lori. Njooni kesho."

Kesho yake walimkuta anabadilisha. Alilegeza uzi wa zamani taratibu, akaukunja duara, akafuta ubao kwa kitambaa, akapitisha uzi mpya tunduni, akaanza kukaza huku akiudonoa kwa kidole na kuusikiliza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayelamba asali. Alipomaliza alipiga wimbo mmoja, na alipiga vizuri kweli. Watu walipoomba wa pili, akatikisa kichwa.

"Nyuzi mpya hazijashika. Zinalegea. Ziacheni zizoee."

Zilipozoea, akaona zimechoka. Kati ya uzi usioshika na uzi uliochoka lazima iwepo siku ya kupiga muziki, lakini watu wa Susuni hawakuwahi kuiona siku hiyo.

Nyuzi zilitoka Kisumu, zikiletwa na dereva wa lori aitwaye Selestine. Selestine akichelewa, Heche alizichemsha zile za zamani kutoa kutu na jasho la vidole.

"Baba Waisiko," Bhoke alimwita siku moja, kwa jina la binti yao, "sufuria yangu ya ugali iko wapi?"

"Iko jikoni. Bado hazijaiva."

Ng'ambo ya kijito aliishi Machage, mpiga litungu, lile zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe. Kwa Machage, kubadilisha nyuzi ilikuwa adhabu. Ng'ombe achinjwe, mishipa ya mgongoni itolewe, ikaushwe, ichanwe, isokotwe juu ya paja mpaka paja liishe malaika. Kwa hiyo hakubadilisha.

"Nyuzi ni kama paa," alimwambia Heche. "Nani anaezeka nyumba isiyovuja?"

"Wewe hujui raha, mura."

"Raha ni ngoma. Hiyo yako ni kufua nguo."

Walibishana hivyo mpaka ikafika harusi ya Verdiana, binti wa katekista Tomaso. Tomaso alitaka gita. Padri angekuwepo, na litungu, alisema Tomaso, ni mambo ya wapagani, lakini gita ni chombo cha Kikristo. Hakueleza lilibatizwa lini. Machage alialikwa kula tu. Alikuja na litungu lake kwapani akalisukuma chini ya benchi, akisema nyumbani hapakuwa na mtu wa kuliangalia.

Heche, bila shaka, alikuwa ameweka nyuzi mpya asubuhi ile. Akaanza kupiga. Bibi harusi akaingia uwanjani anachezesha mabega, akina mama wakapiga vigelegele, na katikati ya wimbo nyuzi zikalegea. Heche akainua mkono kusimamisha harusi. Verdiana akabaki na mguu mmoja juu. Heche akakaza, akaanza upya, zikalegea tena. Aliporudia mara nyingine padri alikuwa anatazama viatu vyake, na akina mama wengine wamerudi kuosha vyombo.

Tomaso akamwinamia Machage. "Mwanangu," alinong'ona, "ule upagani wako uko mbali?"

"Uko hapa chini ya benchi, mzee."

Litungu lilipounguruma, vyombo viliachwa. Hata padri alianza kutikisa goti. Lakini nyuzi zile zilikuwa kuukuu kuliko bwana harusi, na uzi mnene kuliko yote ukakatika, ta! Machage akautazama kama mtu aliyeambiwa mama mkwe anahamia kwake.

"Sina mwingine," alisema. "Mpaka achinjwe ng'ombe."

"Amechinjwa leo!" mtu akadakia.

"Mishipa yake mmeshaila kwenye supu."

Heche alikuwa tayari anafungua gita lake. Akang'oa uzi mnene wa chuma, akakaa chini, akalipakata litungu. Watu walidhani angeona haya, baada ya aibu ile. Haya iko wapi! Alifunga, akakaza, akadonoa, akasikiliza, na uso ukawa ule ule wa asali. Alipolirudisha, uzi wa chuma ulilia katikati ya ile mishipa kama nyuki ndani ya debe, na uwanja ukalipuka. Walicheza mpaka ng'ombe wakarudi zizini.

Kuanzia hapo Machage akaitwa huku na huko, Genkuru, Nyangoto, hata upande wa Kenya. Uzi wake wa mshipa ukikatika, Heche aliweka wa chuma kutoka kwenye gita. Mwishowe akawa anasafiri naye, amekaa ubavuni mwake na kopo la nyuzi. Akiulizwa kwa nini yeye hapigi, alijibu, "Mimi napigia nyumbani."

Jumapili moja mchana alirudi Susuni na kweli akakuta gita linapigwa nyumbani. Ndani, Bhoke alikuwa ameketi katikati ya kitanda, gita lenye nyuzi tatu limelala pajani, na akina mama wa kanisani wanaimba naye. Wimbo ukaisha, wakaingia wa pili bila kupumzika. Heche akabaki mlangoni na kopo lake.

"Nani amekufundisha?" aliuliza.

"Wewe. Kukusikiliza ukikaza miaka yote hii, hata mbuzi wetu anaweza."

Heche akasogea, akakitazama chombo kwa huruma. "Lakini nyuzi hizo zimechoka sana, Mama Waisiko. Lete mara moja tu, ninazo mpya."

Bhoke akalikumbatia gita. "Usiguse. Tunataka kuimba."

Wakaimba. Heche akasikiliza mpaka mwisho, kisha akavuka kijito kwenda kwa Machage.

"Anapiga vizuri," alikiri. "Vizuri kuliko mimi. Tatizo hajali nyuzi."

"Si umbadilishie?"

"Amenikataza." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyenyimwa chakula kwake.

Machage akalivuta litungu lake, ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akamsogezea.

"Hebu utazame uzi huu, mura," alisema. "Naona kama unalegea."