Uso wa Mume Wetu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini aliyemfikisha mjukuu wangu chuo kikuu akasomee uchoraji ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Wanangu walitaka asomee unesi. "Mama, kuchora nayo ni kazi?" Nikawajibu, baba yenu yupo jikoni kwangu, nendeni mkamuulize.

Na kweli alikuwepo. Mume wangu alipokufa aliacha picha moja tu, ya kitambulisho cha kupigia kura, na jasho la mfukoni lilikuwa limeifuta kama imelambwa na ng'ombe. Yule binti, wakati huo yuko darasa la nne, akaokota mkaa akamchora babu yake kwenye ukuta wa jikoni, juu ya udongo mweupe. Kovu lake juu ya jicho, sikio lililokaa kama linasikiliza mlangoni, na ule mdomo wake wa kukataa ugali uliopoa. Nilipoingia na kuni niliziangusha. Tangu siku hiyo nikawa napika huku namsemesha. Moshi ukielekea kwake naupepea.

Huku kwetu bibi na mjukuu wa kike hutaniana wake wenza. Alipofika mwaka wa mwisho, huko chuoni Mbeya, akanipigia simu: "Mke mwenzangu, kazi yangu ya kumalizia chuo ni mume wetu. Namchora kwa rangi, mkubwa kama mlango!"

Nilitangaza kanisani, sokoni, mpaka kwenye foleni ya hospitali Tosamaganga. Kisha, kwa kiburi changu, nikaita fundi apige plasta jikoni, maana wageni wa mahafali wangekuja na sikutaka waseme msomi katokea kwenye masizi. Yule wa mkaa nikamwambia, "Pumzika, mzee, mwenzio wa rangi anakuja." Fundi akapitisha mwiko usoni mwake mara mbili tu.

Siku ya maonyesho nikapanda basi kutoka Iringa, nimevaa kitenge changu cha harusi za watu wazito. Picha ilikuwa kubwa kweli. Koti lake la kijivu lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Mikono yake, hata ukucha uliopondwa na nyundo. Juu ya kola, hamna kitu. Weupe umesuguliwasuguliwa, basi.

Mwalimu wake akanijia anatabasamu. "Mama, umeona? Kutokuwepo kwake ndiko kunakozungumza."

"Baba, huyu mtu alikuwa anazungumza mwenyewe."

Watu wakacheka. Mimi nikamvuta binti pembeni. "Mke mwenzangu, miaka mitatu unafundishwa kumkata mume kichwa?"

Akaanza kulia. "Bibi, nimemsahau. Nimemchora mara saba, anatokea mtu mwingine. Nikafuta. Walimu ndio waliosema nzuri, iache hivyo hivyo. Wiki ijayo nakuja nyumbani, nimnakili yule wa jikoni nikurudishie uso wake."

Nilikuwa na maneno mengine makali nimeyapanga. Nikamwambia twende tukale.

Alipofika nyumbani hakutua hata begi. Akapita moja kwa moja jikoni na karatasi zake, akasimama mbele ya ukuta mweupe, laini kama yai.

"Nani kamfunika?"

"Mimi."

Angenitukana, ingekuwa afadhali. Akachukua kisu cha mboga akaanza kukwangua, na mimi nikachukua kingine. Fundi yule alikuwa hodari, mwanaharamu. Kila saruji ilipobanduka ilibanduka na udongo wake, tukapata vumbi la kijivu kwenye kanga.

Mwishowe akakaa chini, akatandika karatasi magotini.

"Haya, bibi. Niambie tu. Kovu lilikuwa juu ya jicho lipi?"

Miaka arobaini nimelala na mtu yule. Nikagusa jicho langu la kulia. Nikagusa la kushoto. Binti akasubiri na penseli yake hewani, na mimi nikarudia tena la kulia.