Jina la Mwadi Halikuwamo

Mwadi ameshona kanzu za kwaya miaka thelathini na miwili, na hakuna kola yake hata moja iliyowahi kukaa upande. Alishonea mtaa wa Kasulo, Kolwezi, mpaka watu walipochimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe na ukuta wake ukapasuka toka juu hadi chini. Akahamia mtaa wa Manika na mashine yake. Tangu hapo, hakuna kwaya iliyomfikia tena.

Jumatatu, mwenye taxi-moto mmoja, pikipiki ya abiria, akamsimamisha.

"Mama, bamama ba kwaya ya Fungurume balikuya kukutafuta Kasulo. Balikuta shimo tu. Balisema batakutafuta mu telefone, mu Google. Kama habatakuona mpaka Ijumaa, batanunua kanzu za tayari Lubumbashi."

Namba hawakuacha.

Mwadi akaapa: kwaya hii ikimpita, mashine ataifunika kitambaa na hataifunua tena.

Kwa bahati nzuri alikuwa na mkwe, Stany, mume wa binti yake Joyeuse, na kazi yake ni kuwafanya watu waonekane mtandaoni. Wenye hoteli na wenye famasi humletea maandiko yao ya mtandaoni, naye huyanyoosha: hubadili kichwa, huingiza maneno ambayo watu huandika wanapotafuta, ili Google iyapandishe. La hoteli liko juu. La famasi liko juu. La mama mkwe wake amelinyoosha mara tatu, nalo liko chini kuliko mashimo ya mgodi wa Mashamba.

Jumatano asubuhi alikuja na Joyeuse na kompyuta. Akakaa barazani, Mwadi akabaki chumbani nyuma ya pazia, maana kwao Waluba mkwe na mama wa mke wake hawatazamani, wala mkwe hamtaji jina, mpaka atoe mbuzi wa kuvunja haya. Mbuzi huyo Mwadi anamngoja mwaka wa tisa.

"Joyeuse, uliza bwana yako, mbona mi sionekane?"

"Anasema aliongeza picha, mama. Na kichwa alibadilisha."

"Nisomee."

Joyeuse akasoma: "Mama mumoja wa heshima, wa Manika, anashona kanzu nzuri za kwaya..."

"Mama gani?"

"Wa heshima."

"Sasa batu ba Fungurume batatafuta 'wa heshima'? Bamama ba heshima bamejaa Kolwezi muzima! Jina yangu iko wapi? Na Kasulo?"

Barazani kiti kililia. Stany akakohoa.

"Joyeuse, ambia mama... ile jina mukono yangu inakataa kuiandika. Na Kasulo, niliona itamurudishia machozi."

Mwadi akafungua kinywa amtukane, akakifunga. Stany angeliandika jina hilo, yeye Mwadi angekuwa wa kwanza kumwita mtu asiye na adabu. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Mi niandike, mama?" Joyeuse akauliza.

"Jina ni ya nani? Bwana yako atoke."

Stany akaenda hadi barabarani, akageuza mgongo. Mwadi akakaa mbele ya kompyuta. Shule aliiacha mwaka wa pili. Herufi anazitambua kama majirani wa zamani, mmoja mmoja, baada ya kuwakazia macho. Kidole kimoja. M. Ile W akaitafuta kama sindano iliyoanguka sakafuni. Jasho likamtoka. Mwishowe jina likasimama pale juu: Mwadi wa Kasulo.

"'Wa heshima' tufute?"

"Acha. Ni kweli."

Stany aliporudi, alikifunika kichwa cha andiko kwenye kompyuta kwa kofia yake, asilione jina, ndipo akabonyeza kutuma, akaiomba Google isome upya.

Alhamisi, bure. Ijumaa asubuhi, bure. Mwadi alikuwa amekwisha kukunjua kitambaa juu ya mashine. Saa tisa telefone ikalia.

"Ni Mama Mwadi wa Kasulo?"

"Ni nani anauliza?"

"Mi Louise, wa kwaya ya Fungurume. Eh, mama, tulikutafuta mpaka miguu ikavimba! Leo ndiyo tumekuona mu telefone."

Mwadi akavuta kitambaa kile, akakitupa kitandani.

"Mupimane mabega kwanza, mama. Urefu nitakuja kupima mwenyewe."

Kisha akaita upande wa pazia, kwa sauti ya kusikika barazani, alikokuwa Stany akingoja: "Joyeuse! Ambia bwana yako, kazi yake ni muzuri. Lakini mbuzi yangu sijaisahau."