Drili ya Kijani ya Mume Wangu

Mume wangu ni fundi seremala, na drili yake ndiyo mke mwenzangu. Ni ya chapa ya Nyigu, ile ya zamani yenye mwili wa kijani, aliyoirithi kwa marehemu baba yake kabla hajanijua mimi. Baadaye kiwanda kiliuzwa. Waliokinunua wakazitia drili mpya meno ya plastiki ndani na rangi nyekundu nje, kisha wakakifunga kiwanda kabisa. Tangu hapo mafundi wa Nyigu wamekuwa kama ndugu wa damu: drili ikimfia mmoja wao, wenzake humpa pole, halafu humzunguka wakitaka vipuri.

Ya kwetu haiazimwi. Hulala ndani ya shuka nililopewa siku ya harusi yangu, kwa sababu eti vumbi la mbao litaidhuru. Vumbi hilohilo mimi nalivuta kila siku, na hakuna wa kunifunika.

Wiki nzima nilikuwa nakohoa. Bwana alikula, akalala, hakuuliza. Jana asubuhi nilipompelekea chai karakana, drili ilikwaruza kidogo tu. Akaizima palepale, akaitegea sikio kama daktari, na chai ikapoa.

"Pole, mama," akaiambia.

Nikashindwa kuvumilia. "Baba watoto, mimi nakohoa tangu wiki iliyopita."

Akanitazama kwa upole wa kweli, na upole huo ndio ulioniuma.

"Wewe hospitali zipo, mke wangu. Huyu kiwanda chake kimefungwa."