Shubiri Isiyonuka Moshi

Jani la shubiri lina maji mawili, na asiyejua hilo atajikuna mpaka ajute. Ukilikata, kwanza yanatoka maji ya manjano, machungu, yale ambayo wazee wetu walikunywa kidogo tumbo likifunga. Yakibaki kwenye ngozi yanawasha. Ndani zaidi kuna ute mweupe unaopoza, ambao mama zetu humpaka mtoto aliyeungua na uji. Ute huo ndio niliokuwa nikiutaka. Niliacha kazi ya duka la dawa mjini Isiolo, nikarudi kwenye shamba letu la Burat, nikapanda shubiri mstari baada ya mstari. Kaka yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Watu wanapanda nyanya," alisema, "wewe unapanda kitu hata mbuzi imekataa."

Nilimwacha acheke. Nilikuwa nimempata mama mmoja wa Nairobi anayetengeneza krimu za ngozi, na alitaka kuuona ute wetu. Mama yangu na majirani zake waliukwangua, na mama, kwa heshima, akautia kwenye chicho, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, alichopewa siku ya arusi yake. Kwanza alikifukiza kama afanyavyo kila asubuhi: anawasha vijiti vya mzeituni mwitu, anavitia ndani, anatikisa, mpaka chombo kinukie. Kwetu, chombo kisichofukizwa ni kichafu hata ukikiosha kutwa nzima.

Tuliutuma Nairobi, na mnunuzi yule akanipigia simu. "Dada, ute wako unanuka moshi. Siwezi kutia hii kwa krimu ya watoto." Alisema atakuja Burat mwenyewe siku tutakayovuna tena, na akikuta moshi, atatafuta kwingine.

Kaka alikuwa amesimama karibu na akasikia yote. "Akikataa tena, siku hiyo hiyo nang'oa hiyo vitu yote. Shamba si ya kuchezea." Tangu baba yetu afariki, neno la kaka ndilo lililokuwa likisikika shambani. Nilikasirika, lakini hasira haivuni shubiri.

Nilichemsha chupa za kioo, nikamwomba mama, aliyekuja na majirani zake, akwangue jani moja la kujaribia. Nikanusa. Moshi! Nikanusa kisu, hakikuwa na kitu. Nikanusa chupa, hakuna. Ndipo nikaushika mkono wa mama nikaupeleka puani, na moshi ulikuwa pale, umelala kwenye ngozi yake, kwenye mtandio wake, kwenye mikono ya kila jirani aliyefukiza vyombo asubuhi ile kabla ya kuja kunisaidia.

Najua moshi ule nao ni dawa. Mti unaacha ndani ya chombo kitu kinachozuia maziwa yasiharibike upesi, na kama ungeuzwa kwenye duka la dawa ungewekwa rafu ya juu. Ila dawa ya maziwa si dawa ya uso wa mtoto.

"Aayo," nilimwambia mama, "siku ya kuvuna, msifukize vyombo."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Intala, binti yangu, unaniambia mimi mchafu?"

"Sijasema mchafu. Ni moshi inaingia kwa ute."

"Hiyo moshi ndio imewalea nyinyi. Maziwa haina moshi ni ya kununua dukani. Na huyo mgeni akikuja, nimpe chai gani?" Akajifunga mtandio, akaenda kwa majirani zake, na wote wakawa upande wake.

Iliniuma. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilitaka cha mvunguni halafu nikamwambia mama yangu ndiye ainame. Hata hivyo sikurudi nyuma. Niliamua kwamba kama ni kuvuna peke yangu, nitavuna peke yangu mpaka mgongo ukatike.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimekwisha kata majani ya mstari wa kwanza na kuyasimamisha kwenye beseni ili maji machungu yachuruzike, nilipoona wanawake wakija. Mama alikuwa mbele. Nguo zao zilikuwa zimefuliwa. Alifika, akaninyooshea viganja vyote viwili.

"Nusa."

Nikanusa. Sabuni tu. Nilitaka kumkumbatia, akanisukuma. "Shika kisu. Jua inapanda."

Mnunuzi alifika tukiwa tumejaza chupa. Kaka naye alikuja, jembe begani, bila hata kujificha. Mnunuzi alifungua chupa, akaiweka puani, akakaa nayo kitambo. Kisha akachovya kidole, akajipaka nyuma ya mkono.

"Hii ni safi," alisema. "Hii nitachukua, na nyingine pia."

"Safi," mama akarudia, polepole, kama mtu anayeonja neno geni. Halafu akaingia jikoni akaleta chai, kwa sababu mgeni haondoki kwetu bila chai ya maziwa. Mnunuzi alikunywa akasifu. Kaka alionja, akashusha kikombe.

"Aayo! Unampa mgeni maziwa haijafukizwa?"

Mimi pia nilikuwa nimeonja. Ilikuwa kweli, maziwa yalikuwa yamepooza, na niliutamani moshi kwa uchungu ambao sikuutarajia. Majirani waliinamisha macho. Katika maisha yake yote mama yangu hakuwahi kumpa mgeni maziwa ya namna ile.

Alikunywa chake kwanza, bila kukunja uso, mpaka nusu. "Siku ya kuvuna, kwangu haifukizwi," alisema. "Wewe kunywa. Na hiyo jembe umebeba ya nini?"

Kaka alitazama mistari ya shubiri, akamtazama mama. Akaliegemeza jembe ukutani, akakaa, akanywa chai yake yote.