Chumba cha Tata

Nilirudi kwetu Ikonge, Nyamira, na vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa navyo: diploma ya ujenzi na pesa nilizozitolea jasho mwenyewe huko Uarabuni. Sikusomeshwa kwa harambee ya mtu. Nyumba niliyojenga juu ya shamba letu la chai huonekana tangu barabarani, na watu wa bodaboda huitumia kuwaelekeza wageni.

Ndani yake nilimtengea baba yangu chumba. Sote humwita Tata. Nilimwekea dirisha la mashariki, sakafu ya mbao na bafu lake la maji moto, kwa sababu kifua chake kilikuwa kimeharibika. Daktari alisema wazi kwamba baridi ya Julai nyingine ikimkuta mzee katika ile nyumba yake ya moshi na mabati yanayovuja, huenda asiivuke.

Kwamba Tata angekataa, sikuota. Ni mzee wa kanisa letu la Sabato, na hakuna aliyezipiga vita mila kama yeye. Alizuia mbuzi wa tambiko kuchinjwa hata ndugu yake mwenyewe alipofariki. Kwake yeye, mila ni kitu tulichokiacha mtoni siku ya ubatizo.

Jumapili ya kufungua nyumba, kanisa zima lilikuja. Kwaya iliingia, akina mama wakaingia, watu nisiowajua wakaingia na kuyajaribu makochi. Tata alifika mlangoni na suti yake, Biblia kwapani, akasimama.

“Tata, ingia utuombee,” nikamwambia.

“Nitaombea hapa. Mungu husikia hata nje.”

Mchungaji wetu, kijana aliyetoka Ukambani, hakuelewa. “Mzee, karibu ndani, mvua inakuja.”

“Mchungaji, hapa kuna hewa nzuri.”

Hewa nzuri! Na kikohozi kile!

Shangazi yangu, dada yake Tata, alicheka hadi akaegemea ukuta. “Mwana wa kaka, huko kwa Waarabu ulisahau hata chinsoni, miiko ya baba na mwana? Tangu lini baba akaingia nyumba anamolala mwanawe na mkewe? Na wewe umemwekea kitanda kabisa! Na choo!”

Mvua ya mawe ikashuka. Waumini walikula pilau yangu wakiwa wakavu, na Tata akaomba chini ya mwavuli, nje ya dirisha, akimshukuru Mungu kwa sauti kubwa kwa kututoa katika giza la mababu. Alikohoa mara nyingi kabla ya kufika amina.

Kesho yake nikamfuata kwake.

“Tata, si wewe husema mila ni giza?”

“Mila ni giza. Hii si mila, hii ni heshima.”

“Imeandikwa wapi?”

“Wewe uliyesoma, uliandikiwa wapi usiende sokoni uchi?”

“Basi nyumba iwe yako.”

“Na wewe na mkeo mlale wapi? Kwenye chai?”

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilirudi kwenye mchoro wangu. Nikavunja ukuta wa nje chini ya lile dirisha la mashariki, nikaweka mlango. Kisha mlango wa ndani, ule uliounganisha chumba na sebule, nikauziba kwa matofali. Nilijenga kwa mikono yangu, na Nyamira nzima hakuna ukuta ulionyooka kama ule. Shangazi alisimamia kazi kama injinia. “Usiache tundu,” alisema, “hata la panya.”

Tata akaja kukagua. Akaugonga ukuta kwa bakora yake, juu na chini, akatega sikio.

“Sasa hii ni nyumba nyingine,” akasema.

Paa ni lilelile. Msingi ni uleule, tangi la maji lilelile, na bili ya stima nalipa mimi. Lakini ni nyumba nyingine, na akahamia. Mke wangu hutoka na ugali wa Tata kwa mlango wa mbele, huzunguka nyumba nzima na mwavuli, akauweka ugali kizingitini, ilhali kati ya meza yetu na kiti cha mzee kuna upana wa tofali moja. Sabato iliyofuata Tata alihubiri juu ya Wakristo waliobakiza mguu mmoja kwenye mila. Kanisa likasema amina. Shangazi alikuwa akiangalia viatu vyake.

Julai ikaja na baridi yake. Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai sebuleni nikamsikia upande wa pili akianza wimbo wa kanisa, ule mrefu ambao kifua chake hakikuwa kimeumaliza kwa muda mrefu. Nikaweka kikombe chini. Akaimba ubeti baada ya ubeti, polepole, hadi mwisho. Hakukohoa.

Nikaupiga ukuta ngumi mbili za furaha.

“Jirani!” akanguruma. “Usinigongee ukuta!”