Shangazi Mwenye Beji Arobaini na Moja

Katika mtaa wetu kuna fundi cherehani ambaye kila mtu humwita Shangazi, hata wateja waliomzidi umri. Mumewe, fundi redio mwenye kibanda kilichopakana na duka lake, hakuulizwa maoni. Watoto wa skauti walipoanza kumwita mkewe Shangazi, yeye akawa Mjomba, akaitikia.

Shangazi hushona sare za shule na mapazia ili ale, na hushona beji za skauti kwa sababu anazipenda. Kila beji iliyo kwenye shati la skauti wa kikundi chetu ameipachika yeye, na kabla ya kuipachika ameiandika, kwa kuwa ndiye karani wa kikundi kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ana sharti moja tu: haandiki jambo asilolishuhudia. Skauti anayetaka beji ya upishi lazima ampikie, naye lazima ale, hata kama ni wali unaokwaruza meno. Anayetaka beji ya mafundo humfunga Shangazi kwenye kiti. Siku moja alikaa hapo mpaka adhuhuri, maana mtoto alikuwa hodari wa kufunga kuliko kufungua. Siku ya huduma ya kwanza alihudumia wateja akiwa na bandeji kuanzia kidevuni mpaka utosini. Mteja mmoja alimpa pole, akasema suruali yake haina haraka.

Kwa miaka mingi kumbukumbu zote zilikaa kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Kisha ofisi kuu ya skauti ikaleta mfumo wa mtandaoni, pamoja na kompyuta mpakato iliyotumika na karatasi ya maelekezo. Shangazi aliiweka kompyuta juu ya meza ya cherehani. Mpaka leo, akibofya kitu, mguu wake hukanyaga pedali, na sindano hupanda na kushuka bila nguo.

Karatasi ilisema karani aanze kwa kujaribu kuandikisha skauti mmoja. Kwa kuwa hakuwa tayari kubuni mtu, Shangazi aliandika habari zake mwenyewe. Mwaka wa kuzaliwa aliuandika kwa tarakimu mbili, kama alivyozoea kwenye daftari: 61. Mfumo ulitafakari, ukaamua kwamba Shangazi atazaliwa mwaka elfu mbili sitini na moja. Na kwa kuwa bado hajazaliwa, hakuwa amezidi umri wa skauti. Ukampokea.

Jaribio likasahaulika. Jina lake, ambalo lilikuwa la kwanza kuandikwa, lilikaa mstari wa juu kabisa, likajificha chini ya kichwa cha jedwali. Kisanduku chake kilikuwa kimetiwa alama tangu siku ile. Kwa hiyo kila beji aliyompa skauti yeyote, mfumo ulimpa na yeye.

Mambo yalifichuka Ijumaa moja, saa nane mchana. Binti wa kinyozi alikuja dukani na shati lake limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa miaka minne alikuwa akikusanya beji ishirini na nne zinazohitajika kupata Nishani ya Juu. Kila kikundi hutoa skauti mmoja tu kwa mwaka. Orodha ingefungwa siku hiyo saa kumi na moja jioni, na mwezi uliofuata binti angefikisha miaka kumi na nane na kuaga skauti. Ilikuwa leo au basi.

Shangazi alibofya. Mguu ukakanyaga. Mfumo ukajibu: nafasi ya kikundi hiki imeshachukuliwa.

“Na nani?” binti aliuliza, uso umemshuka.

Shangazi alivuta jedwali chini, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

“Na mimi,” alisema.

Alikuwa na beji arobaini na moja, na mfumo, ulipoona zimepita ishirini na nne, ulikuwa umempa yeye Nishani ya Juu ya mwaka huo. Alikuwa na beji ya kupanda miamba, ya tarumbeta, na ya kuogelea, ingawa maji yakimfika kifundoni huanza kusali.

Alipiga simu ofisi kuu. Kijana aliyepokea alikuwa mpole sana.

“Mama, mfumo haufuti nishani. Unaiondoa kwa kosa la nidhamu tu.”

“Lakini mwanangu, mimi nina miaka sitini na zaidi!”

“Hapa inaonyesha bado hujazaliwa. Hongera sana, lakini.”

Shangazi alimwita kiongozi wa kikundi, ambaye ni mwalimu wa udereva. Huyu ni mtu laini mno. Hata akitembea kwa miguu huwapisha kuku. Mjomba naye alitoka kibandani na bisibisi sikioni, kwani alisikia neno “kosa” likitajwa pamoja na jina la mkewe, na hakutaka kupitwa.

Mfumo ulitoa orodha ya makosa manne, kila moja likihitaji mashahidi wawili. Mjomba alisimama nyuma ya kiti, akayasoma moja moja.

“Kulala zamu ya ulinzi. Hilo tumemaliza. Kambi ya mlimani ulikoroma mpaka hema likatikisika.”

“Zamu yangu ilikuwa imekwisha saa sita. Nilikoroma kwa ruhusa.”

“Kutoroka kambini. Mvua ilipoangusha hema, si ulikuja nyumbani?”

“Niliaga, nikasaini daftari la kutoka. Nikuonyeshe?”

“Kupigana. Yule mbuzi aliyekula bendera je?”

“Mbuzi si skauti, baba watoto.”

Lilibaki la nne: kukataa amri ya kiongozi. Wote wakamtazama kiongozi, naye akatazama viatu vyake.

“Basi, Shangazi,” alisema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, “simama.”

Akasimama.

“Mwambie jambo gumu!” Mjomba alifoka.

“Ruka kichura. Samahani lakini.”

Shangazi alikunja gauni, akashika ukingo wa meza, akaruka mara tatu huku akihesabu kwa sauti. “Ziongezwe?” aliuliza akihema.

“Hapana, hapana! Pole jamani, kaa.”

Akakaa. Binti wa kinyozi hakujua acheke au alie, akawa anafanya vyote kwa zamu. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na dakika arobaini na tano.

“Shangazi,” binti alisema taratibu, “acha tu. Beji zangu ninazo. Wewe umeziona zote.”

Maneno hayo yalimchoma kiongozi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake akapiga meza, tena akaumia mkono.

“Mtoto ametaabika miaka minne! Shangazi, andika kwamba ulilala zamu. Andika tumalize.”

“Sikulala zamu.”

“Nani atajua? Mimi na Mjomba tutashuhudia.”

“Mtashuhudia uongo? Kwenye kumbukumbu zangu mimi? Siandiki.”

“Ni amri!”

“Hata iwe amri iliyopigwa mhuri pande zote mbili, siandiki!”

Bisibisi ilianguka kutoka sikioni mwa Mjomba.

“Mama watoto,” alisema, “umekataa amri.”

Shangazi aliweka miwani sawa. Alimtazama mumewe, kisha binti. “Mmesikia kwa masikio yenu?”

“Nimesikia,” alisema binti.

“Mtaa mzima umesikia,” alisema Mjomba.

Shangazi alivuta kiti mbele. Aliandika kosa lake kwa utulivu, herufi baada ya herufi: amekataa amri ya kiongozi mbele ya mashahidi wawili, saa kumi na dakika arobaini na nane jioni. Kiongozi alithibitisha. Nishani ikaondoka. Nafasi ikafunguka, jina la binti wa kinyozi likaingia, na saa kumi na moja kasoro dakika nne mfumo ukatoa namba ya Nishani ya Juu. Binti alipiga kelele, baba yake akaja mbio na mashine ya kunyolea mkononi, akimwacha mteja na nusu ya nywele.

Kelele zilipotulia, ujumbe mwingine ulikuwa umefika. Ofisi kuu ilimtaka mzazi au mlezi wa skauti aliyeadhibiwa afike Jumatatu kuzungumzia mwenendo wa mtoto wake.

“Nitakwenda mimi,” Mjomba alisema upesi. “Nina mengi ya kuwaeleza.”

Na kweli alikwenda, amevaa koti la harusi yao. Alikaa huko saa tatu nzima. Alirudi na fomu ya mzazi au mlezi kuahidi kwamba mtoto atajirekebisha, akamkabidhi mkewe huku akijikaza asicheke. Shangazi aliisoma mara mbili kwa makini. Akakata neno “mzazi” kwa rula, akaacha “mlezi”, kisha akamwonyesha Mjomba mahali pa kutia saini.