Dobi wa Mto Momba asiyeshuka ukingoni

Saa kumi na mbili asubuhi, ndoo ya bati inashuka kwa kamba ubavuni mwa boti. Inagusa maji ya kahawia ya Mto Momba, inalala upande, inajaa, kisha inapanda. Ferista Nanyinza anaivuta kwa mikono yote miwili, anaimimina ndani ya pipa, na kuishusha tena. Hii ni ndoo ya kumi na moja.

Ukingo wa mto uko hatua tano tu kutoka boti ilipofungwa, hapa karibu na Kamsamba. Kuna mchanga safi na mawe mazuri ya kupigia nguo. Dobi yeyote angeshuka. Ferista hashuki.

Pipa linapojaa, anatia kipande cha shabu, jiwe la kusafishia maji, anakoroga, anasubiri tope litulie chini. Mgeni mmoja, Bibi wa Kizungu aliyevaa vazi la kulalia na kofia pana, anakuja na gauni mkononi.

"Mama Ferista, hii pia."

"Ulinipa moja jana na moja juzi, Bibi," anajibu Ferista bila kuacha kazi. "Ukinipa na hiyo, leo utavaa nini?"

Bibi anatazama gauni, anacheka, anarudi nalo.

Boti hii hubeba wageni wanane, wengi wao Wazungu wa migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini. Huja kwa motokaa kupitia Tunduma, mvua zikiisha, wakashuka mto siku tisa hadi Ziwa Rukwa kutazama viboko na ndege, kisha wakarudi. Siku tisa za vumbi, jasho, tope na samaki. Nguo zote zinapita mikononi mwa mwanamke huyu wa miaka thelathini na minne, kwa mshahara wa shilingi thelathini na tano kwa mwezi.

Kanuni zake anazisema kama mtu anayesoma amri za jeshi. Kila mgeni aje na nguo tatu: moja mwilini, moja kambani, moja sandukuni. Ziwe za kaki au rangi ya udongo. Mikono iwe mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni. Hariri ibaki nyumbani.

"Nguo nyeupe nazikubali za Jumapili tu," anasema. "Na za ndani, kila mtu afue zake. Mimi si mama yao."

Kila kinachokauka lazima kipigwe pasi, hata taulo, hata soksi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa. Nguo ikivaliwa bila kupigwa pasi, funza huingia mwilini. Kwa hiyo pasi ya mkaa ya Ferista haipoi kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, na mkono wake wa kulia una alama saba za kuungua.

Pasi hiyo ilikuwa ya mumewe, Nikodemo.

Nikodemo alikuwa dobi wa boti hii kwa miaka mitatu. Alifua ukingoni, kama madobi wote. Mwezi wa Mei, miaka miwili iliyopita, alikuwa amepiga magoti akisuuza mashati na vitambaa vya meza, na mamba akamchukua. Lwitiko, mpishi wa boti, alisikia maji yakipasuka mara moja tu. Alipofika, karai lilikuwa linazunguka majini peke yake.

"Mashati yalionekana," anasimulia Lwitiko, mtu wa maneno machache. "Yalinasa kwenye matete kule chini. Mgeni mmoja aliuliza kama la kwake lilikuwemo. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango."

Nikodemo hakuonekana.

Mwenye boti ni Mzungu ambaye wafanyakazi humwita Bwana Saa, kwa vile haachi kutazama saa yake ya mfukoni. Alimpelekea mjane mshahara uliobaki, blanketi jipya na ile pasi. Ferista alikuwa Tunduma na binti zake wawili.

Matanga yalipoisha, shemeji yake Osea alikuja na wazee wawili. Alitaka kumrithi awe mke wake wa pili, na alisema pasi ni mali ya ukoo.

"Nilimkaribisha, nikampa ugali na kuku," anasema Ferista. "Alipomaliza kula nikamwambia: Shemeji, nakuheshimu. Lakini mimi si blanketi, kwamba mwenyewe akifa napewa mwingine. Na pasi hii nitaishika mimi. Akaniuliza, utafanyia nini? Nikasema, kazi."

Mwaka uliofuata alisikia kwamba boti haina dobi. Wanaume watatu, mmoja kutoka kijiji cha Isansa na wawili kutoka kijiji cha Ruanda, walikuwa wamekataa, kwa kuwa habari za Nikodemo zilikuwa zimefika kila mahali. Ferista akawapeleka binti zake kwa dada yake ng'ambo ya mpaka, akajitwika pasi, akatembea siku nne hadi Kamsamba.

"Watu walisema nimerukwa na akili, nakwenda kwenye kazi iliyomwua mume wangu. Nikawajibu kwamba kazi haikumwua. Kilichomwua ni kuifanyia mahali pale."

Akamwambia Bwana Saa sharti lake moja: mapipa mawili ya maji juu ya boti, na yeye hatafua ukingoni hata leso. Bwana Saa alitazama saa yake. Wageni walikuwa wanafika kesho yake. Akakubali.

Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Lakini wageni wa safari ile walikuja na masanduku kama watu wanaohama. Walibadili nguo asubuhi, mchana, saa ya chai na saa ya chakula cha jioni. Siku ya nne rundo la nguo chafu lilimfika Ferista kifuani, na mapipa mawili hayakutosha kitu. Bwana Saa akaamuru boti itiwe ukingoni, akamwita Ferista mbele ya wote.

"Shuka ukafue kwenye mto. Hapa hakuna mamba."

Ferista aliketi juu ya rundo la nguo.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bwana."

"Usiposhuka nitakuacha kijiji kinachofuata. Utarudi kwenu kwa miguu."

"Nilikuja kwa miguu."

Nahodha Raphaeli, aliyekuwa kwenye usukani, anasema alizima injini ili asikie vizuri. Lwitiko alitoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, akasimama nyuma ya Ferista. "Ukimwacha yeye," alisema, "utapika mwenyewe." Raphaeli akasema usukani nao utatafuta mtu.

Wageni waliacha vikombe vyao vya chai.

Hapo ndipo Ferista alipotoa neno ambalo linasimuliwa hadi leo katika vijiji vya mto huu. "Bwana," alimwambia, "unasema hapa hakuna mamba. Basi shuka wewe kwanza. Osha leso yako, ile ya mfukoni tu. Ukimaliza, mimi nitashuka na nguo zote hizi, na sitasema neno."

Bwana Saa akawa mwekundu shingo yote. Alichomoa leso, akashuka kwenye ubao, akatembea kwenye mchanga hadi hatua moja kutoka majini. Hapo akasimama. Alichukua fimbo, akachomachoma maji. Aliyatazama maji, akayatazama matete, akayatazama maji tena.

"Hakuna mamba aliyejitokeza," anasema Raphaeli. "Mto ulikuwa kimya kabisa. Na kile kimya ndicho kilichomshinda."

Bwana Saa alirudi na leso yake kavu. Hakumtazama mtu. Alipita moja kwa moja hadi chumbani kwake.

Ferista hakucheka, na anataka hilo liandikwe. "Nilikuwa nalia," anasema. "Nilimwona Bwana kama amesimama pale alipopiga magoti Nikodemo. Mahali si pale, lakini mchanga ni uleule. Nikajiuliza, yule mume wangu alisimama hivi mara ngapi, akaogopa, halafu akapiga magoti kwa sababu hakuna aliyemruhusu kuogopa?"

Jioni ile mgeni mmoja mzee alikusanya wenzake. Sanduku moja likabaki wazi kwa kila mtu, mengine yakafungwa hadi mwisho wa safari. Mwaka huu barua inayopelekwa kwa wageni kabla hawajaja ina kanuni zote za Ferista, zimepigwa taipu, isipokuwa ile ya nguo za ndani, ambayo yeye mwenyewe huitangaza kwa mdomo siku ya kwanza. Mapipa sasa ni manne.

Nilimwuliza Bwana Saa habari ya kanuni hizo. Alitazama saa. "Ni utaratibu wa boti," alisema. "Tumekuwa nao siku nyingi."

Nilipompa Ferista jibu hilo, alipuliza mkaa wa pasi kwa muda mrefu. "Mwache auite wake," alisema. "Mradi hakuna mtu anayepiga magoti pale. Lakini jina la Nikodemo hajalitaja hata siku moja. Hilo bado namdai, na kila mwanzo wa safari namkumbusha."

Msimu huu utakuwa wake wa mwisho mtoni. Anamfundisha kazi Elizabeti, mjane mwingine wa Tunduma, ambaye amekwisha kuapa kutoshuka ukingoni. Yeye mwenyewe anataka kufungua nyumba ya dobi Tunduma, kando ya barabara kuu. Malori yanapita kila siku na madereva wanafika wekundu kwa vumbi. Amehesabu vitu atakavyohitaji: kamba, makarai sita, na birika la matofali la kuhifadhia maji ya mvua.

Kiwanja kipo, Nikodemo alikisafisha kabla hajafa. Tatizo ni kwamba Osea amekilima na kupanda ulezi.

Ferista amekwisha kupeleka shauri kwenye baraza la mwene, chifu wa kwao, na siku yake ni Jumatatu baada ya safari hii. Osea ametuma ujumbe kwamba mjane aliyekataa kurithiwa hana ardhi. Wapo wazee wanaomuunga mkono.

"Simwonei choyo ulezi wake," anasema Ferista, akikunja shati la kaki na kuliweka juu ya mengine. "Avune, awalishe watoto. Akishavuna, mimi nachimba msingi."

Na baraza likimkatalia?

Ananitazama kama vile nimempa gauni la hariri. "Mwene ana baraza kila mwezi," anasema. "Na mimi miguu ninayo."